Mtungi, Msimu na Ini: Unywaji wa Pombe Tabora na Njia Kuu ya Misafara

Uhusiano kati ya pombe na maradhi ya ini hauamuliwi na kinywaji peke yake. Huamuliwa pia na desturi inayokizunguka: kinanywewa mara ngapi kwa juma, kwa kiasi gani kwa mkao mmoja, pamoja na chakula au tumbo likiwa tupu, kwa miaka mingapi mfululizo, na mnywaji amebeba maradhi gani mengine mwilini. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuelewa jinsi hatari ya ugonjwa wa ini ilivyokua katika nchi fulani hana budi kuchunguza historia ya mtungi, ya ghala la nafaka na ya soko, kabla hajafungua majalada ya hospitali. Tabora, mji uliokulia katikati ya njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, unafaa sana kwa uchunguzi wa namna hiyo, kwa kuwa katika muda wa karne moja na nusu watu wake wametoka kwenye pombe ya nafaka, iliyopikwa kwa msimu na kuharibika baada ya siku chache, wakafika kwenye pombe kali inayopatikana saa yoyote kwa mwenye shilingi mkononi.

Kwamba pombe ya nafaka ni ya kale katika nchi hizi ni jambo linaloshuhudiwa na lugha zenyewe, maana neno la Kisukuma bwalwa, ambalo Wanyamwezi, wenyeji wa nchi ya Tabora, nao wana lao la mzizi huohuo, linafanana na bojalwa ya Kitswana na utshwala ya Kizulu kwa namna isiyoweza kuelezwa na bahati. Upishi wake ulidai kazi na subira. Mtama, uwele au ulezi uliloweshwa, ukatandazwa na kufunikwa hadi ukachipua, kisha ukaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Katika kuchipua huko, mbegu hutoa vimeng'enya, yaani kemikali za asili zinazovunja wanga na kuugeuza sukari, na bila sukari hiyo hamira haina cha kula. Unga mwingine ulipikwa uji, ukachanganywa na kimea, ukaachwa mtungini uchachuke kwa siku kadhaa hadi hamira iliyomo hewani na kwenye kuta za chombo igeuze sukari kuwa alkoholi. Kilichopatikana kilikuwa kinywaji kizito, chenye machicha, kilichoendelea kuchacha hata wakati wa kunywewa, na ambacho siku ya tatu au ya nne kilikuwa kimeanza kuwa siki.

Tabia hiyo ya kuharibika upesi, ambayo mfanyabiashara wa leo angeiona kuwa kasoro, ndiyo iliyopanga unywaji wote wa zamani. Pombe isiyowekeka haiwezi kunywewa kidogo kidogo na mtu mmoja nyumbani kwake kwa mwezi mzima. Lazima waitwe watu, nao wainywe ikaishe. Ndiyo maana pombe ilikwenda pamoja na kazi ya kusaidiana, kama vile kulima shamba la jirani au kupura mtama, na pamoja na harusi, matanga na matambiko ya wahenga, mikusanyiko ambayo ilikuwa na sababu yake, siku yake na mwisho wake. Isitoshe, mtungi mmoja mkubwa ulikula nafaka ambayo ingelisha nyumba kwa siku nyingi. Unyamwezini mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na mavuno hufuata katika miezi ya kiangazi. Mwenye ghala lililojaa mwezi wa Julai aliweza kupika, lakini mwenye ghala lililobakiwa na vumbi mwezi wa Februari hakuthubutu, kwani kupika pombe wakati huo kulikuwa sawa na kuwanywesha wageni chakula cha watoto.

Richard Burton, aliyefika Kaze, kitongoji kilichokuja kuwa sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857 baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani, aliandika kwamba vijiji vya Unyamwezi vilikuwa na nyumba za mikutano zilizoitwa iwanza, mbili kwa kila kijiji, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake, ambamo watu walizungumza, wakavuta tumbaku na kunywa pombe. Maelezo yake yana dharau nyingi ya mgeni aliyejiona bora, na yanapaswa kusomwa kwa tahadhari, lakini mpangilio wenyewe una maana kubwa kwa habari ya afya. Iwanza ilikuwa mahali pa hadhara. Mnywaji alionekana na wenziwe, alipokezana nao kata, na kiasi alichopata kilitegemea idadi ya waliokuwapo na umri na cheo chake kati yao.

Hapa inafaa kueleza kinachotokea ndani ya mwili, ili maana ya mpangilio huo ionekane. Karibu alkoholi yote inayonywewa huvunjwa na ini. Kwanza huigeuza kuwa asetaldehidi, sumu kali inayodhuru chembehai, kisha huigeuza sumu hiyo kuwa asetati, ambayo mwili unaweza kuitumia bila madhara. Kazi hii huenda kwa mwendo usiobadilika sana: ini la mtu mzima humaliza takriban gramu 7 hadi 10 za alkoholi kwa saa, na wala kahawa, wala kuoga maji baridi, wala kutembea hakuuharakishi mwendo huo. Likilemewa, ini huacha kuchoma mafuta na badala yake huyahifadhi, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya ugonjwa, inayoitwa mafuta kwenye ini, ambayo huwapata wengi mno kati ya wanaokunywa kwa wingi kila siku, na ambayo haina maumivu wala dalili. Hatua ya pili ni uvimbe wa ini utokanao na pombe, ambao wakati mwingine huja kwa ghafla pamoja na homa na macho ya manjano. Ya tatu ni sirosisi, yaani hali ya ini kujaa makovu magumu yanayobana mishipa ya damu, hadi tumbo linajaa maji, miguu inavimba, na mishipa ya koo la chakula inaweza kupasuka na mgonjwa akatapika damu.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ambalo lingestahili kujulikana katika kila kilabu cha pombe, ni kwamba hatua ya kwanza hurudi nyuma. Mtu mwenye mafuta kwenye ini akiacha kunywa kwa majuma machache, mafuta hayo huweza kuondoka na ini likarudia hali yake. Kovu la sirosisi, likishakomaa, haliondoki kwa urahisi hivyo, ingawa kuacha pombe hurefusha maisha hata kwa aliyefikia hapo. Kwa hiyo muda kati ya karamu na karamu una uzito wake: kwa ini, ndio wakati wa kujitibu. Mkulima wa Unyanyembe, yaani nchi inayouzunguka mji wa Tabora, aliyelewa siku mbili wakati wa mavuno, kisha akakaa majuma kadhaa bila pombe kwa kuwa hapakuwa na aliyepika, alipewa na ghala lake mapumziko ambayo hakuyapanga.

Hata hivyo, si halali kuipamba jamii ya zamani kana kwamba wote walikunywa kwa kiasi. Walikuwapo watu ambao mtungi wao haukukauka, nao walikuwa hasa wale waliokuwa na nafaka ya wengine. Mtemi, yaani mtawala wa nchi, alipata sehemu ya pombe iliyopikwa na raia, alikuwa na wake wengi wa kumpikia, na wageni wake hawakuweza kupokewa mkono mtupu. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu historia ya pombe Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba haki ya kunywa ilikuwa sehemu ya mamlaka: wazee walikunywa, vijana wakatazama, na aliyeweza kuwanywesha wengine alihesabiwa kuwa mkubwa. Kwa maana hiyo hatari ya ini ilikuwa imegawanywa kwa cheo. John Hanning Speke, aliyerudi Unyanyembe pamoja na James Grant mwaka 1861, alikuta mtemi Mnywa Sele, mrithi wa Fundikira, amefukuzwa na Waarabu baada ya kudai kodi kwa bidhaa zao, naye akalifasiri jina la mtemi huyo kwa maana ya mnywaji mkubwa wa pombe. Vita vilivyotokana na ugomvi huo vilimuua Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa mwenyeji wa Burton, na mwaka 1865 Mnywa Sele mwenyewe aliuawa. Jina kama hilo halimpi mtu ugonjwa, na haifai kumshitaki marehemu kwa tafsiri ya mgeni. Lakini linaonyesha kwamba katika jamii ya pombe ya msimu, ulevi wa kila siku uliweza kuhusishwa na enzi, si na unyonge.

Misafara ndiyo iliyoanza kuvunja uhusiano wa pombe na ghala. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri kuliko wote katika njia hiyo. Walibeba pembe za ndovu na bidhaa nyingine, mzigo wa mtu mmoja ukiwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na kwa kawaida walipanga safari zao wakati wa kiangazi ili wawahi kurudi kulima. Mpagazi akiwa njiani hakuwa na shamba, wala mke wa kumpikia, wala wazee wa iwanza yake. Alichokuwa nacho ni posho iliyotolewa kwa nguo na ushanga, na kwa vitu hivyo chakula na kinywaji vilinunuliwa vijijini. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa mara ya kwanza. Pombe iliyokuwa haki ya mgeni au malipo ya kazi ya kusaidiana iligeuka kuwa kitu chenye bei, na mnywaji akawa mnunuzi ambaye hana wa kumuuliza amekunywa ngapi. Misafara ilipofika Bagamoyo, wapagazi walikuta pwani yenye desturi nyingine: tembo la mnazi, ambalo hugemwa kila siku ya mwaka bila kungoja mavuno, na zarambo, kileo kikali kilichopatikana kwa kulikeneka tembo hilo. Kukeneka ni kuchemsha kitu kilichochacha na kukusanya mvuke wake ukipoa, na kwa kuwa alkoholi huchemka kabla ya maji, kinachodondoka ni kikali mara nyingi zaidi ya kilichowekwa chunguni.

Tabora yenyewe, kwa upande mwingine, ilikuwa mji wa Waislamu. Waarabu kutoka Omani na Unguja, na Waswahili waliowafuata, waliishi kwa dini inayoharimisha kileo, na dini hiyo ilienea mjini kwa kasi zaidi wakati wa utawala wa Wajerumani. Matokeo yake ni kwamba mji mmoja ulibeba desturi mbili: kwa wengi wa watu wa mjini, kutokunywa kukawa alama ya ustaarabu, ilhali vijiji vya kuuzunguka vikaendelea na mitungi yao. Wamisionari nao waliongeza mpaka mwingine. Wamoravian, waliopokea kazi ya Urambo kutoka kwa wamisionari wa London mwaka 1898, walikuwa na msimamo mkali dhidi ya pombe kuliko Mapadri Weupe wa Kikatoliki, na hivyo katika nchi moja kuliwezekana kupata vijiji vilivyotofautiana kabisa katika idadi ya siku ambazo ini la mwenyeji lilikutana na alkoholi. Makatazo haya ya dini hayakutolewa kwa ajili ya tiba, lakini hakuna sheria ya serikali iliyowahi kufikia matokeo yake kwa wale walioyashika.

Kodi ya kibanda iliyowekwa na Wajerumani mwaka 1898, na baadaye reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912, viliingiza fedha mahali ambapo ushanga ulikuwa haujafika. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na kwa mwanamke mjane, au aliyeachika, au aliyehamia mjini bila shamba, njia iliyokuwa karibu zaidi ya kuipata fedha hiyo ilikuwa kupika pombe na kuiuza kwa vibarua wa reli, askari na wapagazi wa mjini. Mpika pombe asihukumiwe kwa haraka. Mikono yake ndiyo iliyosomesha watoto wengi wa mji huu, na ujuzi wake ulikuwa urithi wa kweli kutoka kwa mama na bibi zake. Lakini mnunuzi aliyelipwa mshahara kila mwezi hakusubiri mavuno, naye mpika pombe hakuwa na sababu ya kuyasubiri pia. Baada ya viwanda vya sukari kuanzishwa nchini, Arusha Chini katika miaka ya 1930 na Kilombero mwanzoni mwa miaka ya 1960, hata nafaka ikaacha kuwa sharti. Wanzuki, pombe ya asali iliyo fahari ya misitu ya miombo ya Tabora, ilikuwa zamani ikifuata maua ya miti na kazi ya warina asali. Kwa sukari iliyonunuliwa dukani, kinywaji cha jina hilohilo kinaweza kupikwa Januari hadi Desemba. Sukari ya dukani haina msimu, na hapo ndipo kalenda ya kale ilipovunjika hasa, zaidi ya ilivyovunjwa na chupa yoyote ya Ulaya.

Chupa ya Ulaya yenyewe ilizuiwa kwa muda mrefu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwekea mipaka biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ukakaza zaidi, hata Waingereza walipopewa Tanganyika walirithi wajibu wa kuzuia pombe hiyo isiwafikie Waafrika. Pombe ya kienyeji iliruhusiwa kwa leseni na kuuzwa katika vilabu vilivyotengwa, ilhali vinywaji vikali vya kigeni vilikatazwa kwa Waafrika kwa sehemu kubwa ya utawala wa Waingereza. Ubaguzi huo haukuwa tiba. Ulifanya kinywaji kikali kiwe alama ya heshima iliyonyimwa, na ulimpa faida aliyekikeneka kichakani. Katika Nairobi, askari wa Kinubi waliokaa Kibera walijulikana kwa kinywaji chao kilichokenekwa. Tanganyika kitu hichohicho kiliitwa moshi, kwa sababu ya mvuke wake, na kikapewa pia majina ya gongo na piwa. Pipa la chuma na bomba la shaba, vitu vilivyoachwa na karakana na magari, vilitosha kuwa mtambo. Baada ya uhuru, serikali iliweka utengenezaji wa moshi chini ya leseni kwa sheria ya mwaka 1966, na sheria ya vileo ya mwaka 1968 ikapanga uuzaji wa pombe zote kwa jumla, lakini mitambo ya vichakani iliendelea kuwaka.

Tofauti ya gongo na pombe ya mtama inapaswa kupimwa kwa gramu, maana katika mazungumzo ya watu hufichwa na ukubwa wa vyombo. Uchunguzi wa sampuli 15 za pombe za kienyeji za Tanzania, uliochapishwa mwaka 1991, ulikuta pombe zilizopikwa zikiwa na alkoholi ya asilimia 2 hadi 9 hivi ya uzito kwa ujazo, na zile zilizokenekwa zikiwa na asilimia 24 hadi 29. Lita nzima ya pombe ya mtama yenye asilimia 3 ina gramu 30 za alkoholi, pamoja na wanga na machicha yanayojaza tumbo na kumfanya mnywaji atue kata. Robo lita ya gongo yenye asilimia 27 ina zaidi ya gramu 67, inamezwa kwa dakika chache, haishibishi, na inalipa ini kazi ya saa saba hadi kumi. Anayekunywa kiasi hicho kila jioni hulitwisha ini lake deni jipya kila siku, bila kulipa hata siku moja ya mapumziko. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 10 kuwa kipimo kimoja cha kinywaji. Tafiti za Ulaya zinaonyesha kwamba hatari ya sirosisi huanza kupanda kwa dhahiri kwa wanaozidisha gramu 20 au 30 kwa siku kwa miaka, na kwamba kati ya wanaokunywa kupindukia kwa muda mrefu, 10 hadi 20 kati ya kila 100 huishia kupata sirosisi.

Tabibu Matthew Baillie wa London alikwisha kutaja mwaka 1793 kwamba ini gumu lenye vinundu huonekana zaidi kwa wanywaji, na mwaka 1819 Mfaransa René Laennec akaupa ugonjwa huo jina la sirosisi kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya hudhurungi ya manjano. Lakini kwamba namna ya kunywa ina uzito wake mbali na kiasi ni jambo lililothibitishwa karibuni zaidi. Utafiti wa Dionysos, uliofanywa kaskazini mwa Italia na kuchapishwa mwaka 1997, uliwachunguza watu zaidi ya 6,500 na kukuta kwamba waliokunywa nje ya milo, na waliochanganya aina kadhaa za vileo, walikuwa katika hatari kubwa kuliko waliokunywa wakati wa kula tu. Uingereza, uchunguzi wa wanawake wapatao 400,000 uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba, kwa kiasi kilekile cha pombe kwa juma, aliyekunywa kila siku alipata sirosisi zaidi ya aliyekunywa baadhi ya siku tu, na aliyekunywa pamoja na chakula alikuwa na hatari ndogo zaidi. Mjini Paris, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, divai ilipogawiwa kwa mgao, vifo vya sirosisi vilishuka sana katika miaka michache, kisha vikapanda mgao ulipokoma. Mgao wa Paris uliletwa na vita na ule wa Unyanyembe uliletwa na ukubwa wa ghala, lakini ini haliulizi sababu ya mapumziko yake.

Kuhusu wanawake, biolojia ina neno zito. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanamume wa uzito uleule, hivyo alkoholi ileile hukolea zaidi katika damu yake, na ini lake huumia kwa kiasi kidogo zaidi na kwa miaka michache zaidi. Iwanza ya wanawake aliyoiona Burton inaonyesha kwamba unywaji wao si jambo lililoletwa na mji. Lililoletwa na mji ni mwanamke anayepika kila siku, anayeonja kila mtungi kabla ya kuuza, na anayehimizwa na wateja kunywa nao ili biashara ichangamke.

Sababu nyingine za ugonjwa wa ini katika nchi za kitropiki hazina budi kutajwa, kwa kuwa pombe hapa mara nyingi huangukia ini ambalo tayari limejeruhiwa. Ya kwanza ni sumukuvu, hasa aflatoksini, sumu itolewayo na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Sumu hii ilitambuliwa kufuatia vifo vya bata mzinga nchini Uingereza mwaka 1960, na inajulikana kuwa chanzo cha saratani ya ini. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ililipuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako watu 68 waliugua na 20 wakafa. Uchunguzi ule wa mwaka 1991 uliikuta katika sampuli 9 za pombe, dalili ya kwamba nafaka iliyoota ukungu, ambayo mama hataki kuwapikia watoto ugali, hupelekwa kwenye mtungi kwa imani kwamba kuchacha kutaisafisha. Kuchacha hakuiondoi yote. Desturi ya kupika pombe kwa nafaka mbovu ni jibu la umaskini kwa hasara, na haiwezi kukomeshwa kwa hotuba bila ghala kavu.

Ya pili ni homa ya ini aina ya B, ugonjwa wa virusi unaopitishwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, ambao umeenea sana Afrika Mashariki na ambao, ukiambukizwa utotoni, mara nyingi hukaa mwilini maisha yote bila kujulikana. Virusi hivyo, sumukuvu na pombe vikikutana katika ini moja, hatari ya saratani hukua kuliko kila kimoja kingefanya peke yake. Kwa mtu wa Unyamwezi wa karne ya 19 au ya 20, tumbo kujaa maji lilikuwa swali la kupeleka kwa mfumu, yaani mganga mpiga ramli, naye alitafuta jibu katika ugomvi wa karibu au katika wahenga waliosahauliwa. Na haikuwa ajabu, kwa sababu kati ya kata ya kwanza na dalili ya kwanza huweza kupita miaka 20, na hakuna jicho la jirani linaloweza kuunganisha vitu viwili vilivyo mbali namna hiyo.

Umbali huohuo ndio unaofanya serikali na magazeti yashughulike zaidi na vifo vya haraka. Novemba 2000, mjini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa kileo cha bei ndogo kilichotiwa methanoli, aina ya alkoholi ya viwandani inayopofusha macho na kuijaza damu tindikali. Habari hiyo ilitikisa nchi zote jirani, na ilistahili. Lakini methanoli huua kwa siku, nayo si chanzo cha sirosisi, na msisitizo juu yake umewaachia wanywaji wengi wazo la hatari, kwamba kileo safi kisicho na sumu ya viwandani hakina madhara. Gongo iliyokenekwa vizuri kabisa, kama ilivyo konyagi yenye muhuri wa kiwanda, hubeba alkoholi ileile inayoliumiza ini. Hatua iliyogusa desturi yenyewe ilikuja tarehe 1 Machi 2017, Tanzania ilipopiga marufuku viroba, yaani vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali vilivyouzwa kwa bei ya mtoto wa shule, vikatiwa mfukoni na kunyonywa asubuhi stendi, kwenye pikipiki au pembeni mwa darasa. Kiroba kilikuwa kinyume kamili cha mtungi: kilikuwa cha mtu mmoja, hakikuharibika, hakikuhitaji kikao, wala hakikuja na chakula. Kukiondoa hakukuondoa pombe kali, ila kulirudisha sharti la chupa, na chupa ni ghali kidogo na huonekana kidogo.

Katika wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge, ambako tumbaku ndilo zao la fedha, wakulima bado hulipwa kwa msimu, na miezi ya malipo bado ni miezi ya vilabu kujaa, jambo ambalo mzee wa iwanza angelitambua mara moja, isipokuwa kwamba kilichomo kwenye vyombo kimebadilika na kwamba baada ya msimu kupita kinywaji bado kipo. Wakati huohuo, mwaka 2002 Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini aina ya B katika chanjo za watoto wachanga. Waliochanjwa katika miaka hiyo ya kwanza, Tabora kama kwingineko, sasa wamepita miaka 20 na wamefikia umri wa kukaa kilabuni pamoja na baba zao. Wanakaa kwenye benchi lilelile na kunywa kinywaji kilekile, huku wengi wao wakiwa na ini lisilobeba virusi ambavyo baba zao walivipata utotoni bila kujua.